Neno langu la mwaka huu halisimami peke yake

Leo siku ya posho, yaani Jumamosi, tarehe 17 ya mwezi wa kwanza, na mtu wa Goma, hapa kwetu mashariki ya Kongo, ukimtajia hiyo tarehe hakuulizi ni ya mwaka gani. Umeme umekatika tangu saa kumi, nimefunga atelie yangu ya kushona mapema, simu iko na chaji kidogo, basi wacha niandike haraka haraka.

Kwenye kesha la tarehe 31 pasta wetu hutangaza neno la mwaka. Mwaka wa kuvuka, mwaka wa mavuno, mwaka wa milango. Tunapiga vigelegele, tunaitika amina, halafu ikifika mwezi wa tatu hakuna anayekumbuka tulipaswa kuvuka nini (samahani pasta). Mimi nikaanza kujichagulia langu mwaka 2022, niliona watu kwenye intaneti wanafanya hivyo, badala ya kuandika maazimio kumi ambayo utayavunja yote unachukua neno moja tu, unalibandika mahali utaliona kila asubuhi, eti linakufundisha kuangalia maisha kwa jicho lingine. Nikapenda. 2022 nilichukua disipilini, 2023 ujasiri, 2024 akiba, hiyo ya akiba hata sitaki kuizungumzia.

2025 nikaandika UPANUZI. Kwa kalamu nyekundu nene, kwenye kartoni ya biskwiti, nikaibandika juu ya mashini. Nilitaka kununua mashini mbili za umeme na kuchukua wasichana wawili wa kujifunza. Mwezi haujaisha vita ikaingia mjini. Mnajua wenyewe, siku bila maji, bila umeme, bila rezo ya simu, mabanki yamefunga, uwanja wa ndege umefunga, mtu akitaka kutoa pesa avuke mpaka aende Gisenyi, Rwanda. Vitambaa vya wateja vilikuwa kwenye kabati lakini wateja hawako, wengine wamekimbilia Bukavu, wengine Kampala, wengine sijui. Ile pesa ya mashini tukaila unga na makala (makaa), kidogo kidogo, mpaka ikaisha, na kartoni iko pale ukutani inaniangalia tu. Siku moja nikaichana nikawashia mbabula. Iliwaka vizuri.

Sasa neno la mwaka huu sikulitafuta, lilikuja lenyewe kwenye simu. Rezo iliporudi zile siku za vita, mesaji zilimiminika kama mvua, na karibu zote zilikuwa neno moja: Mungaliko? Yaani, bado mpo? Shangazi toka Butembo, mungaliko? Rafiki wa sekondari ambaye hatujaongea miaka sita, ungaliko? Nami najibu wote, tungaliko, tungaliko, tungaliko, mpaka kidole kikachoka. Hapa kwetu ni salamu ya kawaida kabisa, tunaisema bila kufikiri, lakini ile wiki kila mtu aliyeiandika alikuwa anauliza kweli na anayejibu alikuwa anajibu kweli. Ikanibakia kichwani mwaka mzima.

Kwa hiyo neno langu la 2026 ni NGALI.

Nilipomwambia rafiki yangu anayefundisha, alicheka mpaka akakaa chini. “Dada, iyo haiko neno, ni kipande ya neno!” Na ana haki. Ngali haisimami peke yake, lazima mtu akae mbele yake: ni-ngali, u-ngali, a-ngali, tu-ngali. Huwezi kuibandika ukutani hivi hivi kama ujasiri, itakuuliza ngali nani? Mimi hapo ndipo nilipoipendea. Ule ujasiri na ile disipilini vilikuwa vinakaa ukutani vyenyewe, havinihitaji, na mimi niko chini yao navitamani.

Halafu kuna kitu kingine, hiki nilikigundua usiku nimelala. Shuleni mwalimu alitufundisha ngali nyingine, ile ya majuto, ningalijua nisingaliuza, ningalisoma ningalifaulu. Sauti ni moja. Lakini ile inajibana katikati ya kitendo na inalilia kitu ambacho hakikutokea, na hii inasema tu kitu kipo, hakijaondoka. Nikaona yale maneno yangu yote ya miaka minne yalikuwa ya ile ngali ya majuto. Akiba, maana ningaliweka. Upanuzi, maana ningalikuwa mbali. Nilikuwa natundika shimo ukutani kila mwaka halafu nashangaa mbona naamka nimechoka.

Mama hakuhitaji maelezo yote hayo. Mama ndiye mwalimu wa hii kitu. Nilikuwa na miaka saba Nyiragongo, mlima wetu wa moto, ilipotapika tarehe kama ya leo mwaka 2002, siku ya ine (Alhamisi), tukakimbia Gisenyi, mdogo wangu mgongoni kwa mama na kichwani kwake kichwa cha mashini ya kushona. Kichwa tu. Miguu ya chuma ilikuwa mizito, aliiacha. Lava ikapita mtaa wa Mapendo, ikafunika nyumba yetu, ikabomoa hata katedrali ya Mtakatifu Yosefu alipofungia ndoa. Tulirudi baada ya siku chache, mawe yalikuwa bado ya moto chini ya viatu, majirani wanatafuta viwanja vyao kwa kukisia, hapa palikuwa na mwembe, hapa choo. Tukajenga nyumba ya mbao juu ya mawe, palepale. Watu wakimuuliza mama anakaa wapi siku hizi anajibu: “Ningali pale pale, ni chini tu njo ilipanda juu.”

Na mwaka 2021, tarehe 22 ya mwezi wa tano, mlima uliposhika moto tena usiku, mama alichukua kichwa cha mashini kabla ya viatu. Siku chache baadaye wakatuambia mtaa wote tuhame, tukaenda nacho mpaka Sake. Ndicho ninachoshonea mpaka leo. Miguu nadhani ingali huko chini kama haikuyeyuka, nikikanyaga sakafu upande wa jikoni naifikiria.

Basi ninavyofanya: jioni, kabla ya kufunga, naandika kwenye kaye (daftari) sentensi moja yenye ngali. Moja tu. Wiki ya kwanza nilidhani yatakuwa mambo mazuri matupu, mashini ingali inashona, mama angali anaimba akiosha vyombo, ziwa lingali pale. Lakini hii neno haichagui. Siku ya nne nikajikuta naandika deni la mtu wa vitenge lingali dola arobaini. Siku ya sita, ningali na hasira na dada yangu. Nilitaka kuifuta, nikaiacha. Hiyo hasira nimeibeba tangu mazishi ya baba na sikuwahi kuiandika popote, nilikuwa najiambia imeisha. Kesho yake nilimpigia simu, hatukuongea lolote la maana, aliniuliza bei ya samaki sambaza. Ilikuwa vizuri tu. Hasira ingali, lakini sasa najua inakaa wapi.

Jana nimeandika kuhusu sketi.

Kuna sketi ya kitenge, kijani na njano, niliikata mwezi wa kumi na mbili 2024. Mteja alilipa nusu, akasema atakuja kuijaribu baada ya sikukuu. Alikuwa mtu wa kucheka sana, alitaka zipu iwe ubavuni maana nyuma haifikii. Sijamuona tena. Nimeihamisha ile sketi kwenye kabati mara ngapi sijui, mara mbili nimepata mtu wa kuinunua kwa bei nzuri na kiuno kinamtosha, nikakataa, mama akasema nina kichwa kigumu.

Mwaka jana nilimuandikia mara tatu, mesaji ndefu, za kuuliza kama aniruhusu niiuze, kama nimrudishie pesa yake. Jana usiku nimeandika neno moja tu, ungaliko?

Tiki ingali moja. Leo asubuhi nimeshona zipu, ubavuni.