Kadi ya Maziwa

Mwezi wa Septemba mwaka 2013, mume wangu akiwa mafunzoni Fort Irwin, katika jangwa la California, nilimbeba binti yetu wa miaka miwili nikaenda kuomba chakula. Tulikuwa tumepanga nyumba Killeen, Texas, nje ya kambi ya Fort Hood, na Baba Zuhura, aliyeingia jeshini baada ya sisi kupata bahati nasibu ya viza, alikuwa na cheo cha chini, daraja la E-4. Kwetu Tanga ndugu walimwita "Mmarekani", na kila mwisho wa mwezi simu zao zilitangulia kufika kuliko mshahara.

Aliyenielekeza alikuwa jirani yangu, dada wa Kikenya ambaye mumewe naye alikuwa askari. "Mwenzangu, hapa watoto wengi wa wanajeshi wanakunywa maziwa ya WIC, wewe unangoja nini?" WIC ni mpango wa serikali ya Marekani, ulioanza kwa majaribio mwaka 1972, unaowapa chakula wajawazito, wanaonyonyesha na watoto wasiotimiza miaka mitano. Nilipomweleza mume wangu kwa simu, alikaa kimya, kisha akasema, "Mama Zuhura, mimi navaa gwanda la nchi hii, halafu mwanangu apange foleni ya msaada?" Sikumjibu, kwa kuwa foleni ningeipanga mimi.

Nilikwenda na hati yake ya mshahara, ambayo usiku uliotangulia nilikuwa nimeijumlisha mara tatu kwa kikokotoo. Mshahara wenyewe ulizidi kidogo dola 2,000 kwa mwezi, posho ya chakula ilikuwa dola 352, na ukiongeza posho ya nyumba tulikuwa tumevuka kikomo cha kipato cha familia ya watu watatu, yaani dola 36,131 kwa mwaka. Nilikuwa nimejiandaa kurudishwa. Karani aliipitia hati taratibu, akachukua kalamu, akapiga mstari mmoja juu ya posho ya nyumba na kusema, "Hii hatuihesabu." Niliona wametumia akili, maana pesa ile haikupata kulala kwetu hata siku moja kabla ya kwenda kwa mwenye nyumba. Posho ya chakula aliihesabu, ingawa jeshi huitoa kwa ajili ya tumbo la askari mwenyewe, si la mkewe wala la mtoto. Lakini hapo nilinyamaza, kwani hesabu ilikwisha kukubali.

Baada ya hapo Zuhura alipimwa urefu na uzito, bila kuning'inizwa kwenye mzani kama papai sokoni, kama tulivyofanyiwa sisi kliniki, kisha akachomwa kidole. Kiwango cha damu yake kilikuwa 10.6, pungufu kidogo ya kinachotakiwa. Mimi niliyekuja kwa ajili ya maziwa nikaambiwa kwamba mtoto anakunywa maziwa kupita kiasi, yanamshibisha hata hali maharage wala nyama. Aibu niliyoiogopa kwa siku zote zile ilinipata hapo, mbele ya mtaalamu wa lishe, wala haikuhusu umaskini.

Siku ileile nilikwenda dukani na kadi. Maziwa yenye mafuta kidogo, mayai kumi na mawili, mkate wa ngano isiyokobolewa, nafaka za asubuhi, juisi na maharage ya madoadoa yalipita bila tatizo. Zilibaki dola 6 za matunda na mboga, nami nikaweka mfuko wa mbatata. Mashine ikakataa. Mwenye kaunta akajaribu tena, watu nyuma yangu wakaanza kuhamia foleni nyingine, kisha akanieleza kwamba viazi vitamu vinaruhusiwa, ila mbatata haziruhusiwi. Nilizirudisha mwenyewe, mtoto kiunoni, nikachukua viazi vitamu.

Baba Zuhura aliporudi kutoka jangwani alikuta maharage ya nazi na viazi vitamu vya kuchemsha. Alikula, akaongeza, akamtazama binti yake akipondaponda maharage kwa kijiko.

"Mbona siku hizi hatuli chipsi?" aliniuliza.

"Serikali yako imekataa," nikamwambia.

Alicheka mpaka akapaliwa, ndipo akaniuliza damu ya mtoto itapimwa tena lini.