Washenga walikuja maji yakiwa yametoka

Machi 2014, siku ya Jumapili, washenga walifika nyumbani kwetu Uroa, kijiji cha pwani ya mashariki ya Unguja, saa nne asubuhi, wakamkuta babu peke yake barazani. Masikio ya babu yalikuwa mazito. Walipomuuliza wenyewe wako wapi, akajibu, "Wamekwenda pwani." Wakaaga, wakapanda gari kurudi mjini. Kwa desturi yetu, nyumba kukutwa tupu siku ya posa ni jibu: hawataki.

Nilikuwa na miaka 34, talaka moja na watoto wawili. Mposaji alikuwa mvuvi wa madema, ile mitego ya samaki, kutoka kijiji cha Chwaka, mjane, ana watoto watatu. Dada yake kaolewa kwetu, na kwa dada yake ndiko tulikozungumza mara tatu, baada ya Alasiri, mlango wazi, mwenye nyumba yumo ndani anapika. Kijijini hakuna pengine pa watu wazima kukaa wakajuana. Kule pwani mtu huonekana tangu mbali, na simu usiku inasikika chumba cha pili.

Mwari huposwa kwa wazee wake. Mwanamke aliyekwisha kuolewa huulizwa mwenyewe kwanza, na jibu lake lazima litamkwe. Kimya chake hakihesabiwi kuwa ridhaa. Mie nilishaulizwa nikakubali walete posa. Baba alikwisha kufariki, kwa hiyo walii wangu, mwenye kuniozesha, ni huyohuyo babu mzaa baba. Siku tuliyopanga ilikuwa mwezi saba, yaani siku ya saba tangu mwezi kuandama.

Tuliichagua makusudi. Mwezi saba na mwezi ishirini na mbili ni maji mafu: bahari haitoki sana, mashamba ya mwani hayafikiki, wanawake wote wako nyumbani. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu ni bamvua. Hapo maji hukauka kabisa kama saa nne asubuhi, sisi tunashuka tangu saa mbili, na ikifika saa sita bahari imesharudi. Kila siku maji huchelewa kama dakika hamsini, basi zile siku za kufanyia kazi kwa nafasi ni chache kila bamvua. Na bamvua la Machi ni miongoni mwa makubwa ya mwaka. Hakuna mkulima wa mwani anayelikosa.

Ami yake mposaji, ambaye ndiye mshenga, anakaa mjini na hapumziki ila Jumapili. Alipata udhuru akasogeza safari wiki moja. Kwa mtu wa mjini wiki moja si kitu. Kwetu ni kutoka maji mafu mpaka bamvua. Mposaji mwenyewe alikuwa dago, kambi ya wavuvi mbali na kijiji, hakuwa na habari. Ujumbe ulitumwa kwenye simu yangu saa mbili na nusu, na simu yangu ilikuwa kabatini, kwa sababu simu haishuki na mtu majini.

Nilikuwa katika kamba ya kumi na kitu, nafungua tai-tai, vile vikamba vya kufungia mwani. Joto la kaskazi lilikuwa limeuharibu mwani mwembamba: matawi yamekuwa meupe, ukiyashika yanakatika, na uliobaki mzima samaki aina ya tasi wameula ncha. Tulikuwa tunavuna mapema kabla hata ya wiki sita, kwani masika yakiingia hakuna jua la kukaushia, na kilo saba mpaka kumi za mwani mbichi ndizo zinazotoa kilo moja kavu.

Mama ndiye aliyemwona mposaji. Anakuja kwa miguu juu ya mchanga wa maji, suruali kaikunja magotini, anakwepa mambo, vile vigingi vya kamba, moja moja asije akazing'oa. Alikuwa amerudi dago asubuhi ile akasikia yaliyotokea. Hakunijia mie. Alikwenda kwa mama, akasimama mbali kidogo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba."

"Nyumba haikuwa tupu kwa kutukataa?"

"Tazama hapa mwenyewe," mama akamwambia. "Nani umkute nyumbani bamvua hili?" Kisha akahamia kamba tano mbele, akaendelea kuvuna. Anasikia, ila hatutazami.

Maji yalikuwa yameanza kurudi, yako kwenye vifundo. Niliona tuna nusu saa, nikasema yote niliyokuwa nayo. Talaka yangu nimeandikiwa, karatasi ina tarehe na mashahidi wawili, eda ilikwisha 2011. Sheikh atataka kuiona. Watoto wangu ndio jambo kubwa. Mama akiolewa na mtu baki, baba yao anaweza kuwadai, na ndoa nyingi za pili kwetu zimevunjika hapo, mwaka wa kwanza tu. Mie nilishakwenda kwa wazee wa baba yao, wakaridhia watoto wabaki nami mbele ya watu. Fedha ya mwani ni yangu, hainiulizi mtu. Nikamuuliza nyumba yake imesimama juu ya kiwanja cha nani.

Alinyamaza kidogo. "Cha wazee wa marehemu mke wangu. Urithi haujagawiwa."

Namshukuru mpaka leo kwa jibu lile, maana angeweza kusema changu. Nikamwambia basi huko siendi. Mwanamke akihamia penye urithi ambao haujagawiwa, ataamshwa siku moja na kesi isiyomhusu. Kama anataka, ahamie yeye Uroa, na yule mtoto wake mdogo wa miaka sita aje naye.

"Na madema yangu?"

"Bahari ni hiihii."

Mama akapiga kelele, "Maji!" Yalishafika kwenye ndama za miguu na mapolo, yale magunia ya mwani, yalikuwa yanaanza kuelea. Polo la mwani mbichi likiingia maji hulinyanyui. Akalitia moja begani bila kuambiwa, maji yanamchuruzika mgongoni, akatangulia nchi kavu.

Ami alirudi Jumapili iliyofuata, mwezi ishirini na moja, baada ya Alasiri. Walikaa ukumbini, babu akawekwa karibu kabisa na mlango wa chumba nilichokuwemo. Walipouliza kama nimeridhia nikajibu, na babu akasema hakusikia. Nikasimama mlangoni, nikalisema tena, kwa sauti ya mtu anayeita kutoka shambani.