Haya, Kila Aonaye Kiu

Bwana Yesu asifiwe wapendwa, habari za wiki. Neno letu ni Isaya 55:1-2 na safari hii naliandika lenyewe hapa maana kila neno lake nalihitaji: "Haya, kila aonaye kiu, njoni majini, naye asiye na fedha, njoni, nunueni mle, naam, njoni, nunueni divai na maziwa, bila fedha na bila thamani. Kwani kutoa fedha kwa ajili ya kitu ambacho si chakula, na mapato yenu kwa kitu kisichoshibisha?"

Jumamosi iliyopita tulifanya gereji seli hapa kwetu Houston. Kwa mlioko nyumbani, hii ni kawaida ya watu wa huku, familia inafungua mlango wa gereji asubuhi na mapema, kila kisichotumika kinatolewa nje kinapangwa mezani au chini pale njia ya gari inapopita, kinabandikwa kikaratasi cha bei, halafu majirani na wapita njia wanakuja kuchagua, kama mnada tu ila hakuna anayenadi. Sisi tunahamia nyumba ndogo kwa hiyo vitu vilikuwa vingi sana. Mashine ya mazoezi ambayo baba watoto aliikimbilia mwezi mmoja, blenda mbili, viatu vya harusi za watu, na seti ya vyombo ambayo mpaka asubuhi ile ilikuwa kwenye boksi lake, utepe haujakatwa. Wakati nabandika bei nilikuwa nakumbuka kila kitu tulikinunua kwa shilingi ngapi. Ile mashine tuliilipia kidogo kidogo karibu mwaka mzima, imeondoka kwa dola 40. Nikasimama pale na kikaratasi mkononi, "mapato yenu kwa kitu kisichoshibisha", nikaona kumbe nabii anaongea na watu wenye mapato, watu kama sisi ambao tumechoka na mashifti na bado tunarudi nyumbani na maboksi.

Watoto wakaomba nao wauze. Huku mtoto kuweka meza mbele ya nyumba akauza juisi ya limau ni jambo la miaka mingi, ila msidhani halijawahi kuleta shida. Mwaka 2015 kwenye mji mdogo wa Overton, huku huku Texas, polisi waliwafungia meza mabinti wawili wadogo, mtu na mdogo wake, walikuwa wanachanga hela ya kumtoa baba yao matembezi Siku ya Baba, wakaambiwa wanahitaji kibali. Wale watoto wakarudi na juisi yao wakaigawa bure, mwenye kutaka kuweka chochote aweke mwenyewe. Hilo linanigusa mpaka leo, kuuza wamekatazwa lakini kumpa mtu mwenye kiu hakuna wa kuwakataza. Baadaye jimbo lilitunga sheria, imeanza Septemba 1, 2019, kwamba mji hauruhusiwi kumzuia mtoto kuuza kinywaji kisicho na kilevi kwenye eneo la nyumba ya mtu au bustani ya umma. Kwa hiyo wetu waliuza kwa amani.

Binti yangu ana miaka 9, mdogo wake 6. Tukatengeneza jagi mbili, moja ya limau na moja ya ukwaju (ukwaju huku unapatikana maduka ya Wameksiko, mzuri tu kama wa nyumbani), na maandazi niliyokaanga usiku. Kikombe senti 50, andazi senti 50. Hela inaingia kwenye kopo la maziwa ya unga tulilotoboa mfuniko, na mimi nikawapa sharti moja tu, jioni hesabu itimie. Nilihesabu vikombe, nikahesabu maandazi, nikamwandikia kwenye karatasi.

Hapo lazima niwaambie kwa nini mimi nina ukali wa hesabu.

Nimekulia Muheza. Mnaoijua barabara ya Segera kwenda Tanga mnajua machungwa ya Muheza, na mnajua watoto wanaokimbilia madirisha ya basi na mabeseni kichwani. Nilikuwa mmoja wao, umri huu huu wa binti yangu, jioni baada ya shule. Basi likisimama stendi mna dakika chache, mnapigana vikumbo, unanyoosha mikono juu, haya machungwa, haya matamu hayo, abiria anachukua matano anaanza kutafuta hela mfukoni, dereva anaondoa gari. Unakimbia na basi. Wengine walikuwa watu wazuri wanakurushia sarafu dirishani, unazitafuta kwenye vumbi. Wengine basi, wameondoka na machungwa yako. Mama alikuwa anahesabu kabla sijatoka na anahesabu nikirudi, na hakuwa mama mbaya jamani, ile hela ndiyo ilikuwa daftari zetu na mafuta ya taa. Sitaki mtu anisome hapa aseme kumbe kazi za utotoni zilitujenga. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kule nyumbani Tanzania inataka mtoto asiajiriwe kabla ya miaka 14, na pale stendi tulikuwepo wa 8 na wa 9, tena ni kazi ya kwenu kwa hiyo hakuna hata wa kumuuliza. Wangu walikuwa wanacheza na jambo ambalo mimi lilikuwa linanikosesha usingizi. Nilipowaona wanapanga vikombe wanacheka nilifurahi na kitu kikanikaba hapo hapo.

Sasa saa tano hivi, jua la Houston limeshakuwa kali, na unyevu ule ule wa Tanga, akaja mzee aliyekuwa anakata majani nyumba ya jirani. Shati limelowa mgongo mzima. Akasoma bei, akajipapasa mifuko, akatoa kadi ya benki akaionyesha, akatikisa kichwa akageuka aende zake. Mimi niko mbali kidogo na mteja wa blenda. Namuona binti yangu anamwita, anammiminia ukwaju, mzee anaonja anasimama, "tamarindo!", anacheka uso wote, anakimaliza, anamiminiwa cha pili, na andazi anapewa. Anaweka mkono kifuani, anaondoka.

Wapendwa nilimkatiza mteja. Nilienda pale nikampandishia mtoto sauti mbele za watu, nikamwambia nimekwambia nini kuhusu hesabu, ukigawa hivi jioni utanionyesha nini. Sauti iliyotoka haikuwa ya mama wa Houston, ilikuwa ya stendi ya Muheza.

Hakulia. Akafungua kopo akanionyesha. Asubuhi baba yake alikuwa amewapa dola mbili mbili kwa kufagia gereji, za kwake zote ni kwota, yaani sarafu za senti 25, maana anazipenda zilivyo na picha. Akasema, "Mama hesabu imetimia. Nimeweka kwota sita. Nimemlipia." Na kweli, vikombe viwili na andazi moja ni dola moja na nusu. Mkononi kwake zilibaki mbili.

Sikuwa na la kusema. Nilimwomba msamaha pale pale, mbele ya wale wale walionisikia nikimfokea.

Tangu siku hiyo nimekuwa narudia huu mstari wa kwanza. Tunaupenda, tunauimba, ila angalieni unavyosema, "nunueni bila fedha". Mbona asiseme tu chukueni? Hiyo "haya" ya mwanzo ni ile "haya" ya muuzaji njiani, ndivyo tulivyokuwa tunaita machungwa, na miji ya zamani kule walikuwa nao wauza maji wanapita wanaita hivyo hivyo. Na wanaoitwa ni watu wa ugenini. Yerusalemu ilibomolewa mwaka 586 kabla ya Kristo, watu wake wakapelekwa Babeli, na Yeremia alishawaandikia wajenge nyumba na kupanda bustani (Yeremia 29:5), kwa hiyo wakati neno hili linawafikia wengine wameshazoea kabisa, wana kazi, wana vitu ndani. Naujua huo mji wapendwa, naishi ndani yake mwaka wa 12 sasa. Katikati ya soko lile Mungu anasimama kama mchuuzi, anamwita asiye na hela, na anamwambia nunua. Yaani anapewa heshima ya mnunuzi. Haondoki na kitu cha kuiba, haondoki na kitu cha kutupiwa, kile kikombe kimelipiwa na hesabu imetimia.

Kimelipiwa na nani? Rudini nyuma sura mbili tu, 53:5, "adhabu ya amani yetu ilikuwa juu yake". Mimi miaka yote nilikuwa nasoma 53 wakati wa Pasaka na 55 wakati mwingine, sikuwahi kuzisoma kama habari moja. Neema nilikuwa naiwaza kama Mungu ameamua kutohesabu, kafumba macho. Kumbe amehesabu mpaka kwota ya mwisho, ila mkono ulioingia kwenye kopo si wangu.

Usiku tulipomaliza, gereji tupu, watoto wanahesabu chini kwenye sakafu, nikamsimulia binti yangu kitu ambacho sijawahi kumwambia mtu. Siku moja basi liliondoka na machungwa yangu sita. Nikarudi nyumbani giza limeingia, mama alikuwa bado shambani kwa shangazi, nikaweka hela kwenye kopo juu ya kabati nikalala kwenye mkeka, silali, najifanya tu. Nikamuona bibi yangu mzaa mama anaingia polepole, akashusha lile kopo, akahesabu kwa vidole, halafu akafungua pindo la khanga yake, lile fundo wanaloweka hela, akatoa sarafu akaziweka moja moja, taratibu zisilie. Akarudisha kopo. Asubuhi mama akahesabu, hesabu ikatimia, nikapewa chai nikaenda shule. Wiki ile bibi alikunywa chai yake bila sukari na hakuna aliyemuuliza, na mimi sikuwahi kumwambia kwamba nilikuwa macho.

Binti akaniuliza bibi huyo alikuwa anaitwa nani. Nikamwambia. Akatafuta ile kalamu nene ya kuandikia bei, akaandika jina la bibi kwenye kopo, kwa herufi kubwa, na chini yake akachora chungwa.