Tulivyokubaliana kupimwa wote wawili: uzoefu wangu wa matibabu ya uzazi kati ya Arusha na Moshi

Kwa wakwe zangu, kama ilivyo kwa familia nyingi ninazozifahamu, ndoa ikipita mwaka bila dalili ya mimba anayeulizwa ni mke. Mimi niliulizwa kwanza kwa maneno na baadaye kwa dawa: mama mkwe alinipelekea kutoka Machame chupa ya mizizi iliyochemshwa, na shangazi wa mume wangu akanielekeza kwa mganga wa mitishamba ambaye, kwa maelezo yake, hajawahi kushindwa. Nilizipokea zawadi hizo kwa heshima, kwa kuwa zilitoka kwa watu wanaonitakia mema, na chupa nikaiweka kabatini bila kuifungua. Kisha nikamwambia mume wangu kwamba nitakwenda hospitali siku ile atakayokuwa tayari kwenda nami, na kwamba tutapimwa wote wawili kwa wakati mmoja.

Nilikuwa na sababu za kushikilia hivyo. Wataalamu huhesabu kuwa kuna ugumba pale mimba isipopatikana baada ya miezi 12 ya kujamiiana mara kwa mara bila kinga, na mwanamke aliyevuka miaka 35 hushauriwa aonane na daktari baada ya miezi 6. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kwamba takribani mtu 1 kati ya 6 hukutana na hali hii maishani mwake, na inafahamika kuwa upande wa mwanamume huchangia katika karibu nusu ya wanandoa wenye tatizo. Zaidi ya hayo, kipimo cha mbegu za kiume hakina maumivu wala sindano, ilhali vya mwanamke ni vingi na baadhi vinauma. Sijaelewa hadi leo kwa nini watu huanza na kile kigumu.

Tulipewa rufaa kwenda Moshi, nasi tunaishi Sakina, Arusha. Umbali wa kilomita 80 hivi ulituletea tatizo ambalo hatukulitarajia. Mume wangu alielezwa kuwa akae bila tendo la ndoa kwa siku 2 hadi 7, na kwamba sampuli inatakiwa ifike maabara ndani ya saa moja ikiwa na joto la mwili. Kwa basi linaloshusha na kupakia Usa River, Kikatiti na Boma Ng'ombe, jambo hilo haliwezekani hata dereva awe na haraka kiasi gani. Ilimlazimu atoe sampuli palepale hospitalini. Alikabidhiwa kikopo chenye mfuniko na kuoneshwa chumba kidogo, naye alipotoka alikuwa amekizungushia gazeti lote kana kwamba amebeba maandazi ya moto. Safari ya kurudi hakunisemesha hadi tulipofika Boma Ng'ombe, ambapo aliagiza mahindi mawili ya kuchoma kupitia dirishani na kunipa moja.

Majibu yalionesha kwamba mbegu zake zilikuwa chache kuliko kiwango cha chini kinachotumika, ambacho ni milioni 16 kwa kila mililita. Daktari hakumpa hukumu kwa kipimo kimoja. Alimweleza kuwa mbegu huchukua zaidi ya miezi miwili kutengenezwa, hivyo zinazopimwa leo ni matokeo ya maisha ya miezi iliyopita, na akamtaka aache sigara na arudie kipimo baada ya miezi mitatu. Aliacha, tena kwa hasira nyingi zilizotuchosha sote nyumbani, na kipimo cha pili kikawa bora.

Kwa upande wangu, ultrasaundi ilionesha kuwa mayai yangu hayakuwa yakipevuka kwa mpangilio. Kabla ya dawa nilipigwa picha ya mirija, inayofanyika siku chache baada ya hedhi kuisha, ambapo dawa maalumu husukumwa ndani ya mfuko wa uzazi huku eksirei ikifuatilia inakopita. Maumivu yake yanafanana na ya hedhi kali na hupita upesi. Anayekwenda aombe kuelekezwa dawa ya kutuliza maumivu mapema, na asiende peke yake.

Niliandikiwa letrozoli, vidonge vya miligramu 2.5, kwa siku tano kuanzia siku ya tatu ya hedhi. Dawa hii ilianza kama tiba ya saratani ya matiti, na karatasi ya ndani ya boksi ndivyo inavyosema, kiasi kwamba muuzaji wa duka moja la dawa aliniuliza kwa sauti, mbele ya foleni, kama nina saratani. Nilimjibu kwa sauti ileile kwamba hapana, natafuta mtoto, na mama mmoja nyuma yangu akasema amina. Kazi ya letrozoli kwetu ni kupunguza homoni ya estrojeni kwa muda, ubongo nao ukatoa zaidi homoni inayokuza yai. Ukuaji huo hufuatiliwa kwa ultrasaundi hadi kifuko cha yai kinapokaribia milimita 18 au 20.

Hapa ndipo mpangilio ulipohitajika, kwa sababu siku za kipimo huamuliwa na mwili, nami ni mwalimu mwenye ratiba ya vipindi. Daktari aliniruhusu nipime Arusha na kumpelekea majibu, na kazini nilimweleza mkuu wa shule pekee. Bima yetu haikulipia matibabu haya, kwa hiyo tuliyapangia zamu yangu ya mchezo wa kupeana fedha pale shuleni, na tukakubaliana mapema kuwa ikifika hatua ya kurutubisha yai maabara na kulipandikiza tumboni tutasimama kwanza tuhesabu.

Hatukufika huko. Mimba iliingia nikiwa bado kwenye vidonge, na binti yetu sasa anatambaa.

Mume wangu mwenyewe ndiye aliyemweleza mama yake, tukiwa Machame wakati wa Krismasi: "Mama, na mimi nilipimwa, na kwangu pia palikuwa na kasoro." Mama mkwe alimtazama kwa muda, kisha akaniuliza kama ile chupa ya mizizi bado ipo, ili sasa mwanawe ndiye anywe. Wiki iliyofuata shemeji yangu, ambaye mke wake alikuwa ameanza kupelekewa chupa za namna hiyo, alinipigia simu akiwa nje ya nyumba, na baada ya salamu ndefu isiyo ya kawaida akauliza ni siku ngapi mtu anatakiwa akae kabla ya kipimo.