Kikapu, maharage na viroba vya matembele
Jamani nayapenda sana maisha yangu ya siku hizi, ngoja niwaambie. Sokoni naenda na kikapu changu cha ukindu, mama wa genge keshanizoea, nikifika tu anamimina nyanya na vitunguu humo humo bila hata kuuliza, maana mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku huku Tanzania bara tangu Juni 2019 lakini vile vifuko laini vya kufungia mboga bado vinazagaa kwenye mitaro, mvua ikinyesha maji hayapiti, inaniuma mno.

Halafu maharage. Nayaloweka usiku, asubuhi yamevimba vizuri, yale maji namwagia mchicha, nabandika. Yanaiva fasta, mkaa unatumika kidogo na tumbo halijai gesi. Na mkaa ni miti jamani! Maganda ya ndizi na viazi nayo siyatupi, yanaingia kwenye ndoo kuukuu niliyoitoboa chini, nachanganya na majani makavu, yakishaoza yakawa meusi yananukia udongo basi naweka kwenye viroba vya matembele pale nje, yanavyostawi sasa mpaka majirani wanakuja kuchuma.

Jioni nashuka daladala kituo kimoja kabla ya changu natembea mdogo mdogo, simu iko kwenye pochi. Usiku naichajia sebuleni, chumbani haiingii, aisee usingizi ninaoupata ni mtamu, stresi za kazini zimepungua kabisa.

Mwenye mbegu za mnavu anigawie, nina kiroba kimoja kiko wazi 🙏