Nati ya Nyuma ya Feni

Mwaka 1998, mvua za El Niño zilipokwisha kuzichimba barabara zetu, Volkswagen ya mjomba ilianza kuteleza klachi. Ukikanyaga mafuta injini inapiga kelele, lakini gari linakwenda kwa kujivuta. Ndani ya Tanga mjini, ambako hakuna mlima, mjomba aliweza kuvumilia. Tatizo lilikuwa harusi ya Lushoto. Kutoka Mombo kwenda juu ni zaidi ya kilomita 30 za kona na miinuko mikali, na huko gari lenye klachi inayoteleza halifiki.

Ilikuwa Beetle, modeli 1300 ya mwaka 1966, rangi ya maziwa. Mjomba aliipenda kwa moyo wote na hakumruhusu mtu kuiita mkweche mbele yake.

Fundi wetu alikuwa mzee aliyejifunza kazi kwenye matrekta ya mashamba ya mkonge, na sasa alikuwa na gereji chini ya mwembe, mtaa wa Chumbageni. Alilala chini ya gari, akapitisha kidole kwenye maungio ya injini na giaboksi, akakinusa.

“Sili ya nyuma ya flaiwili imekufa,” akasema. “Oili inailowesha klachi. Lazima tushushe injini.”

Hapo niwaeleze wasioijua gari hii. Sili ni mpira wa kuzuia oili isivuje, na flaiwili ni gurudumu zito la mwisho wa injini, ambalo klachi hulibana. Injini yake iko nyuma, silinda nne zimelala, mbili kulia na mbili kushoto, na hupozwa kwa upepo wa feni. Maji haina. Ina uzito unaozidi kilo 100, na uzito wote huo umeshikwa kwenye giaboksi kwa nati nne tu za spana namba 17. Mbili za chini ni kazi ya kitoto: unalala chali, unazifungua. Mbili za juu, ukisimama nyuma ya gari, zimejificha nyuma ya kasha la feni, kwenye upenyo mwembamba kati ya bati la kasha na ukuta wa bodi. Huzioni hata ukiweka tochi. Na kwa gari la umri ule nati hizo za juu hazifunguliwi na mtu mmoja, kwa sababu kichwa cha bolti kinatokeza upande wa giaboksi, chini ya gari, nayo nati iko upande wa injini, juu. Mmoja ashike chini, mwingine afungue juu.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo, na nilikuwa nimemfuata mjomba gereji kwa sababu nyumbani hakukuwa na la kufanya. Spana boi wa mzee alishaondoa betri chini ya kiti cha nyuma, kabureta, waya za dinamo na nyaya za hita. Nati ya juu ya kushoto aliitoa kwa tabu. Ya kulia ikamshinda. Bolti ile ya kulia ndiyo pia inayoishika stata kwa juu, na upepo wa bahari ulikuwa umeila kwa kutu miaka yote ile. Isitoshe, kijana mwenyewe alikuwa na mikono ya mbeba magunia. Aliingiza, akakwama kwenye kiwiko, akatoa mkono umechubuka.

Mzee akanitazama. “Binti, hebu lete mkono wako niuone.”

Nikamnyooshea. Akaupima kwa macho, kisha akamgeukia mjomba kuomba ruhusa. Mjomba akasita, akasema, “Haya, mjomba, lakini polepole.”

Kabla sijagusa kitu, mzee aliingia kibandani akatoka na spana ya ringi namba 17 aliyoikata mpini, akaipasha kwa gesi ya kuchomelea na kuipinda shingo mpaka ikawa kama mkunjo wa kidole. Spana hiyo haiuzwi dukani. Aliitengeneza kwa ajili ya nati ile peke yake, na tangu siku ile nimewaheshimu mafundi wanaobadili kifaa kilingane na kazi kuliko wanaolazimisha kazi ilingane na kifaa.

“Usitafute kwa macho,” akaniambia. “Shuka na ukingo wa kasha la feni. Utagusa bati, halafu chuma kinene, baridi. Hapo simama. Pembe sita utazihesabu kwa kidole.”

Akalala chini ya gari na spana yake. Jirani yetu mchomeleaji alikuwa anasaga geti, hatukusikilizana, basi tukakubaliana kugonga: akigonga giaboksi mara moja, amekishika kichwa cha bolti, mara mbili, nisubiri.

Niliinama mpaka shavu likalalia bati. Vidole vikapita vumbi lililoshikana na oili, vikapita ukingo wenye makali, vikafika kwenye chuma. Nikahesabu pembe. Zilikuwepo zote sita, hakuna iliyoviringika, na furaha niliyoipata hapo siwezi kuieleza. Nikavisha spana. Mzee akagonga mara moja. Nikavuta, hakuna kitu. Mzee akapuliza mafuta ya taa yaliyochanganywa na oili, tukanywa chai, tukarudi.

Safari hii kitu kililia, mlio mkavu mfupi. Nikadhani bolti imekatika. Kutoka chini nikasikia sauti ya mzee ikishinda hata mashine ya geti: “Hiyo ni kutu! Endelea!”

Nafasi haikuruhusu spana kuzunguka. Unavuta kidogo, unaichomoa, unaivisha upya, unavuta kidogo. Mkono ulikufa ganzi. Nati ilipolegea niliimalizia kwa ncha za vidole na kuitoa nimeifumba kiganjani. Vijana wa mtaani wakainua bodi kwa nyuma, injini ikavutwa juu ya tairi chakavu.

Sili ilikuwa imekauka na kupasuka. Wakati akiweka mpya, mzee alisimulia kuwa gari la aina hii lilishinda Safari Rally mwaka 1954, 1957 na tena 1962, enzi ambazo mashindano yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mjomba alisikiliza kama anayesifiwa mtoto.

Kurudisha kulikuwa na ugumu wake. Spana boi aliizungusha puli kwa mkono mpaka meno ya shafti yakaingia kwenye sahani ya klachi, na mimi nikarudi kwenye upenyo wangu. Mzee alipaka meno ya bolti grisi kwanza. Nilitaka kukaza kwa nguvu zote, akanizuia: kiwanda kinataka Newton-mita 30 tu, na kwenye kesi ya magnesiamu anayezidisha anavunja.

Jumamosi tulipanda kutoka Mombo, watu wanne na mzigo wa zawadi, gia ya pili karibu njia nzima, na klachi haikuteleza. Tulipofika Soni, kabla ya Lushoto, mjomba aliegesha pembeni, akatandika gazeti, akalala chini ya gari na shati lake la harusi. Akatoka na kidole kikavu, akanionyesha, kisha akanipa ufunguo nimalizie mimi kupanda.