Nilivyopatanisha makosa ya Rust na Python

Mfumo wetu wa kusoma miamala umeandikwa kwa Python, ila kichambuzi cha mafaili makubwa ni Rust, na PyO3, maktaba ya kuita Rust kutoka Python, ndiyo inayoviunganisha. Kasi haikunisumbua. Kilichonipa kazi ni hili: mambo yakiharibika upande wa Rust, Python itajuaje?

Python hurusha kosa, likapanda hadi apatikane wa kulidaka. Rust hairushi, funksheni hurudisha Result, na aliyeiita ndiye afungue aone kama ni Ok (imefaulu) au Err (kuna kosa). Funksheni ikirudisha PyResult, PyO3 huigeuza Err kuwa kosa la kawaida la Python. Makosa ya std::io (ya kusoma na kuandika mafaili) inayajua yenyewe, kwa mfano NotFound huwa FileNotFoundError. Makosa yetu niliyakusanya kwenye enum moja (aina yenye orodha ya chaguo), nikaiandikia From, yaani namna ya kuigeuza, ya kwenda PyErr, kosa la Python lilivyo ndani ya Rust: herufi zikikaa mahali pa kiasi, inatoka ValueError ikiwa na namba ya mstari. Namba hiyo usiiache. Ujumbe wa "kiasi si sahihi" kwenye faili la mistari laki tatu ni kelele tu.

Panic, yaani Rust kukata kazi ghafla kwa hali isiyotarajiwa, ndiyo ngumu. Kuna mstari uliokuja bila kiasi, unwrap (inayochukua thamani bila kuuliza kama ipo) ikakutana na None, yaani hakuna kitu, ikazua panic, kazi yote ya usiku ikakatika, ingawa kitanzi cha Python kilikuwa na except Exception, ya kudaka makosa ya kawaida. Kumbe PyO3 huigeuza panic kuwa PanicException, nayo hurithi BaseException moja kwa moja, kwa hiyo except ya kawaida haiigusi. Wamefanya hivyo makusudi, na mimi nawaunga mkono: panic maana yake msimbo wenyewe una kasoro, si wa kumezwa kimya kimya kama data mbovu.

Basi nikaondoa unwrap zote zinazogusa data, nikaweka ok_or_else na alama ya ?, ili thamani isipokuwepo irudi Err kwa aliyeita. Kwenye clippy, kikaguzi cha msimbo wa Rust, nikawasha kanuni ya unwrap_used kwa deny, atakayeirudisha CI (ukaguzi wa kiotomatiki wa msimbo) imkatalie. Upande wa Python nikaandika jaribio la pytest.raises linalodai ValueError yenye "mstari 7". PanicException sikuidaka popote. Ikitokea, kazi ife na logi ioneshe.

Ukitaka kufanya hivi, chungulia Cargo.toml, faili la mipangilio ya mradi wa Rust, kwanza. Ikiwa na panic = "abort", PyO3 haipati nafasi ya kugeuza chochote; mchakato mzima wa Python unakufa hapo hapo.